Nyeupe, foto au blukati? Tuelewane kuhusu lenzi za miwani

Ukishapimwa macho unapewa kikaratasi chenye namba namba, unaenda nacho duka la miwani, na pale kaunta swali la kwanza mara nyingi ni "unataka lenzi gani, nyeupe, foto au blukati?" (nyeupe ni ya kawaida isiyobadilika rangi, foto ni inayokuwa nyeusi juani, blukati ni inayouzwa kama kinga ya mwanga wa bluu wa skrini) huku bei ikipanda kadiri majina yanavyoongezeka. Wengi hapo wanachagua kwa mfuko tu, mwenye nacho anachukua ya bei ya juu akiamini ndo nzuri kwa macho, asiye nacho anachukua ya chini akiondoka na wasiwasi kwamba amejiharibia, na wote wawili hawajui wamenunua nini. Naandika hii kwa ajili ya mtu aliyesimama pale kaunta na pesa yake mkononi.

Kinachochanganya ni kwamba pale dukani maswali manne tofauti yanauzwa kama swali moja. La kwanza, namba yako ni ngapi. La pili, namba hizo zimepangwaje kwenye lenzi, ya mbali peke yake, ya karibu peke yake, au zote kwa pamoja. La tatu, lenzi imetengenezwa kwa kitu gani, kioo au plastiki na plastiki ipi. La nne, imepakwa au kutiwa nini. "Foto" ni jibu la hilo swali la nne tu, haisemi chochote kuhusu yale matatu ya mwanzo, kwa hiyo mtu anaweza kabisa kutoka na foto ya bei kubwa yenye namba ya makosa. Na kwa umuhimu wake kwenye kuona, maswali yanafuatana hivyo hivyo nilivyoyapanga, ila dukani mazungumzo yanaanzia la nne kwa sababu ndo lenye faida.

Tuanze na namba. Kwenye karatasi utaona mistari miwili, R au OD ni jicho la kulia, L au OS ni la kushoto. Halafu kuna SPH, CYL, AXIS, pengine ADD, na PD kama umebahatika maana wengine hawaiandiki. SPH ndo nguvu kuu ya lenzi, ina alama ya toa au ya jumlisha mbele yake na inaenda kwa hatua za 0.25. Toa ni ya mtu asiyeona mbali, jumlisha ni ya yule ambaye jicho lake linahangaika karibu, na namba ikiwa kubwa linahangaika hata mbali. Kipimo kinaitwa dayopta na hesabu yake ni rahisi kuliko watu wanavyodhani, unagawanya 1 kwa namba yako unapata mita. Mwenye -1.00 akivua miwani anaona safi mpaka mita 1 halafu vitu vinaanza kufifia, mwenye -2.00 mpaka sentimita 50, mwenye -4.00 mpaka sentimita 25 tu. Ndo maana mtoto wa -4.00 anaweza kusoma kitabu chake bila shida yoyote na mzazi akaapa kwamba mwanangu macho yake mazima, kumbe ubaoni haoni kitu na mwalimu anamwita mvivu.

CYL ni ya astigimatizimu, ile hali ambayo konea, tabaka la mbele la jicho, haijapinda sawasawa pande zote, upande mmoja umepinda kuliko mwingine, kwa hiyo mistari ya mwelekeo fulani inaonekana safi na ya mwelekeo mwingine ina kivuli. AXIS ni nyuzi, kuanzia 1 mpaka 180, zinazomwambia fundi aielekeze wapi hiyo silinda. Silinda isiyo na aksisi haitengenezeki. Na PD ni umbali kati ya mboni na mboni kwa milimita, watu wazima wengi wapo kati ya 54 na 74, na hiki ndo kipimo kinachodharauliwa kuliko vyote. Lenzi ina kitovu chake, sehemu ambayo mwanga unapita bila kupindishwa, na kitovu hicho kinatakiwa kikae mbele ya mboni yako. Kikikaa pembeni macho yanalazimika kuvutana ili picha mbili ziwe moja, na kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo kosa la milimita chache linavyouma. Mtu anasema "hii miwani mpya inaniumiza kichwa", anaambiwa utazoea, wakati namba iko sawa kabisa na kitovu ndo kimekaa vibaya.

Kuna kitu unaweza kufanya sasa hivi hapo ulipo. Vua miwani, ishike kwa mkono ulionyooka, funga jicho moja, tazama fremu ya mlango au ukingo wa dirisha kupitia lenzi moja. Isogeze kulia na kushoto taratibu. Kama ukingo unaouona ndani ya lenzi unakimbilia upande uleule unaosogezea mkono, na vitu vinaonekana vidogo, hiyo ni lenzi ya toa. Kama unakimbilia upande wa pili, hiyo ni ya jumlisha. Sasa izungushe kama usukani: ukiona ule mstari wa mlango unajikunja na kuinama kadiri unavyozungusha, lenzi ina silinda, na kama mstari umetulia tu basi haina. Mafundi wa zamani walikuwa wanaanzia hapo kabla ya mashine, na ukishajua hili hamna mtu atakayekubadilishia lenzi ya kulia na kushoto usigundue, angalau kama macho yako yanatofautiana sana.

Kabla hatujaondoka kwenye namba, mambo mawili. Ile imani kwamba miwani inalemaza macho, kwamba ukianza kuvaa ndo umeshajifunga, haina ukweli. Namba ya mtoto inaongezeka kwa sababu jicho lenyewe zima linarefuka anavyokua, avae asivae, na kumpa namba ndogo kuliko anayohitaji ili "macho yafanye mazoezi" hakumsaidii, kunamnyima tu ubao. La pili ni kisukari. Sukari ikipanda au kushuka sana, lenzi ya asili ndani ya jicho inabadilika na namba inayumba, mtu anapimwa leo anapewa -2.00, wiki chache baadaye dawa zimeshika na ile miwani haimfai tena. Kama wewe au mzazi wako ndo kwanza ameanza dawa za sukari, subirini itulie kwanza ndo mkatengeneze miwani, na mwambieni daktari wa macho mapema kwamba kuna sukari, maana huyo anahitaji kuangaliwa mpaka nyuma ya jicho.

Sasa mpangilio. Hapa ndo penye utajiri na ndo penye malalamiko mengi pia. Lenzi ya kawaida ina namba moja kuanzia juu mpaka chini. Kijana wa miaka 25 asiyeona mbali anapata hiyo na inamtosha kwa kila kitu, kwa sababu ndani ya jicho lake kuna lenzi ya asili laini inayojinenepesha yenyewe akitazama karibu. Ila hiyo lenzi inakakamaa pole pole tangu utotoni, na mtu akifika kama miaka 40 hivi inaanza kumshinda. Utamwona anasogeza simu mbali na uso, anaenda kutafuta mwanga mlangoni ili atie uzi kwenye sindano, akichambua mchele anaacha vijiwe. Huo si ugonjwa, ni umri, na haumruki mtu. Ile ADD kwenye karatasi ndo nguvu ya kuongezea kwa ajili ya karibu, kwa kawaida inaanzia kama +0.75 na kuishia karibu +3.00 kadiri miaka inavyosonga.

Shirika la Afya Duniani kwenye ripoti yake ya mwaka 2019 kuhusu uoni lilihesabu watu milioni 826 wenye shida hiyo ya karibu ambayo ingetatuliwa kwa miwani. Na Bangladesh wakafanya utafiti uliotoka 2024, wakawapa watu wa miaka 35 hadi 65 wanaofanya kazi za karibu, washonaji, mafundi, wachambuaji wa nafaka na wengineo, miwani ya kusomea bure, na baada ya miezi 8 kipato cha waliopewa kilikuwa kimepanda kwa takriban theluthi moja huku wale waliokuwa bado hawajapewa wakibaki palepale. Mimi nikisoma hiyo namfikiria fundi cherehani wa mtaani anayeacha kazi akiwa na miaka 50 akisema "macho yamekwisha", wakati kilichokwisha ni uwezo wa kuona sentimita 40 tu na dawa yake ni kipande cha plastiki.

Kwa hiyo zile miwani za kusomea zinazouzwa Kariakoo kwenye meza za machinga, zenye kikaratasi cha +1.50 au +2.00 kwenye kioo, zinafaa? Kwa mtu ambaye macho yote mawili yako sawa, mbali anaona vizuri, na hana silinda, ndiyo, zinafaa na haziharibu macho. Hasara yake ipo sehemu nyingine, kwamba mtu akishanunua hiyo hapimwi tena, na presha ya macho inakula taratibu bila maumivu yoyote mpaka uoni wa pembeni umeshaondoka. Nunua kama umebanwa, lakini nenda upimwe pia.

Mwenye shida ya mbali na karibu ana njia tatu. Anaweza kuwa na miwani mbili, na kwa kweli kwa watu wengi hilo ni suluhisho zuri la bei nafuu ambalo dukani hawalisemi. Anaweza kuchukua baifoko, ile yenye kijidirisha chini, wazo ambalo Benjamin Franklin wa Marekani aliliandika kwenye miaka ya 1780 baada ya kuchoka kubadilisha miwani. Aina iliyoenea ni yenye kidirisha cha umbo la D kilicholala, upana wa milimita 28. Baifoko inaona karibu vizuri sana kwa upana, haihitaji kujifunza kwingi, ila ina mambo yake, jicho likivuka ule mstari picha inaruka, na kwenye ngazi ni hatari kwa mzee kwa sababu anatazama miguu yake kupitia sehemu ya kusomea iliyopangwa kwa sentimita 40, kwa hiyo ngazi inakuwa ukungu. Mfundisheni kuinamisha kichwa kabisa akishuka ngazi, au avae ya mbali tu akitoka nje.

Ya tatu ni progresivu, lenzi isiyo na mstari, ambayo nguvu yake inaongezeka kidogo kidogo kuanzia juu kwenda chini. Iliyofanikiwa kwanza sokoni ni Varilux ya Ufaransa, mwaka 1959, kazi ya mhandisi Bernard Maitenaz. Unapata mbali juu, kompyuta katikati, kitabu chini. Lakini kuna gharama ambayo muuzaji anatakiwa akwambie kabla hujalipa: huwezi kubadilisha nguvu kwenda chini bila kuharibu picha pembeni, hiyo ni jiometri ya uso wa lenzi na hamna kampuni inayoikwepa, wanachofanya wale wa bei kubwa ni kusambaza ule ukungu vizuri zaidi. Kwa hiyo kuna njia nyembamba katikati inayoona safi na pembeni chini kulia na kushoto kuna mawimbi. Siku za mwanzo sakafu inacheza, ukitazama kioo cha pembeni cha gari kwa kukata jicho hukioni, inabidi ugeuze kichwa. Wengi wanazoea ndani ya wiki moja au mbili wakivaa mfululizo, yule anayeivaa saa moja na kuivua kutwa hazoei. Na kadiri ADD inavyokuwa kubwa ndivyo kuzoea kunavyokuwa kugumu, kwa hiyo anayeanza na miaka 45 anapata shida kidogo kuliko anayeanza na 60.

Progresivu inategemea vipimo kuliko lenzi zote. Fundi anatakiwa akuvalishe fremu uliyoichagua, airekebishe ikae vizuri puani na masikioni, halafu akutazame usoni na aweke alama ya peni kwenye kioo cha mfano pale mboni yako ilipo, kila jicho peke yake, apime na urefu mpaka ukingo wa chini. Ukiona mtu anakuuzia progresivu bila kufanya hivyo, anachukua PD ya kukisia na kukwambia rudi Ijumaa, rudisha pesa yako mfukoni. Na kama una shaka umepewa progresivu kweli, puliza pumzi kwenye lenzi, iinamishe kwenye mwanga wa dirisha, utaona alama ndogo sana zilizochongwa, viduara au nembo mbili kwenye lenzi moja, kwa kawaida zimeachana milimita 34, na chini ya ile ya upande wa sikio kuna tarakimu kama 20 au 25, ndo ADD yako, 2.00 au 2.50. Ni kitu kidogo ila ukikiona mara moja unakuwa unajua unachovaa.

Swali la tatu, malighafi. Kioo halisi bado kipo, kinaona safi na hakikwaruziki ovyo, lakini ni kizito na kikipasuka ni vipande usoni, kwa mtoto usikiwaze kabisa. Plastiki ya kawaida inaitwa CR-39, iligunduliwa Marekani kwenye miaka ya 1940, uzito wake ni karibu nusu ya kioo, picha yake safi sana, na kwa mtu wa namba ndogo, tuseme mpaka 2 au 3 hivi, sioni sababu ya kumwuzia kitu kingine. Polikaboneti ni ile ngumu kupasuka, inatumika kwenye miwani za usalama kazini, na yenyewe inazuia miale ya UV, ile miale ya jua isiyoonekana, bila kupakwa kitu. Inakwaruzika haraka kama haina mpako mgumu, na pembeni mwa lenzi watu wengine wanaona virangi rangi kwenye kingo za vitu vyeupe, hasa wenye namba kubwa. Hata hivyo kwa mtoto, kwa fundi wa kuchomea na seremala, na kwa mtu mwenye jicho moja tu linaloona, polikaboneti au Trivex, plastiki nyingine ngumu kupasuka, ndo ya kuchukua bila mjadala, maana jicho la akiba halipo. Fremu zile zisizo na ukingo zinazotobolewa matundu kwenye lenzi nazo zinataka hizo hizo mbili, CR-39 inapasuka kwenye tundu.

Halafu kuna zile wanazoita nyembamba, za indeksi kubwa, utasikia 1.60, 1.67, 1.74. Indeksi ni uwezo wa plastiki kupinda mwanga, ikiwa kubwa unahitaji mpindo mdogo wa uso kupata namba ileile, kwa hiyo lenzi inakuwa nyembamba. CR-39 ni 1.50. Lenzi ya toa inakuwa nene ukingoni na ya jumlisha inakuwa nene katikati, na mwenye -6.00 anaona aibu na vile "vitako vya chupa". Sasa fanya hesabu ya haraka. Kwa -6.00 ya CR-39, ukingo ulio milimita 25 kutoka kwenye kitovu unazidi unene wa katikati kwa kama milimita 3.75. Ukihamia 1.67 unashuka mpaka kama 2.8, na hapo umelipa pesa nyingi. Lakini ukibaki na CR-39 ileile na ukachagua fremu ndogo ambayo ukingo wake uko milimita 22 kutoka kwenye kitovu, unapata kama 2.9. Yaani milimita 3 za fremu zimefanya karibu kazi yote ya ile lenzi ya gharama! Fremu ndogo ya mviringo ambayo macho yanakaa katikati yake, hiyo ndo siri ya kwanza ya mwenye namba kubwa, na kama una uwezo unganisha zote mbili. Fremu kubwa za fasheni na -8.00 haviendi pamoja, nanyi wauzaji mwambieni ukweli mteja.

Tumefika kwenye mipako, kule ambako dukani wanaanzia. Mpako mgumu wa kuzuia mikwaruzo ni lazima kwa plastiki, na mara nyingi unakuja nao. Unaofuata kwa faida ni wa kuzuia mng'ao, antiglea kama inavyoitwa. Lenzi ya CR-39 isiyopakwa inarudisha kama asilimia 8 ya mwanga kwenye nyuso zake mbili, na ya 1.67 inarudisha kama 12, kwa hiyo ukichukua lenzi nyembamba bila antiglea unajitengenezea kioo cha kujitazamia. Ukiwa nayo unaona taa za magari usiku zimetulia zaidi na watu wanayaona macho yako, hata kwenye picha. Kuitambua ni rahisi: simama chini ya taa ya tyubu, inamisha lenzi mpaka uione taa juu yake. Kama taa inaonekana nyeupe kali, haijapakwa. Kama inaonekana hafifu na ya kijani au zambarau, imepakwa. Adui yake ni joto. Ukiiacha miwani juu ya dashibodi ya gari mchana wa Dar au Mombasa, plastiki inatanuka kuliko ule mpako na mpako unapata nyufa nyufa ndogo ambazo hazifutiki, na adui mwingine ni kufuta vumbi kavu kwa kanga au shati, osha kwanza na maji na tone la sabuni ya vyombo, halafu ndo ufute.

Foto, kwa jina lake refu fotokromiki, ni ile inayokuwa nyeusi juani na kurudi nyeupe ndani. Inafanya hivyo kwa sababu ya miale ya UV, si kwa sababu ya mwanga wenyewe, na ukielewa hilo maswali mengi yanajijibu. Mbona ndani ya gari haiwi nyeusi? Kwa sababu kioo cha mbele kinazuia sehemu kubwa ya UV. Mbona Njombe asubuhi inakuwa nyeusi tititi na Dar mchana inakuwa ya kahawia hafifu? Kwa sababu joto linairudisha nyuma, zile molekuli zikipata moto zinarudi kwenye hali ya uwazi haraka. Kwa hiyo foto kwetu pwani inafanya kazi, ila usitarajie weusi unaouona kwenye tangazo. Kuhakikisha kama ni foto kweli, weka lenzi juani na sarafu juu yake dakika moja, ukiitoa utaona duara jeupe la sarafu. Ikichoka baada ya miaka kadhaa inabaki na umanjano na haikolei tena, na kama lenzi moja imevunjika badilisha zote, mpya na ya zamani hazitafanana.

Miwani nyeusi ya jua nayo isemwe: weusi si kinga. Kioo cheusi kisichozuia UV kinaweza kuwa kibaya zaidi ya kutovaa, kwa sababu gizani mboni inafunguka na kupitisha miale zaidi. Tafuta iliyoandikwa UV400 na muuzaji anayeweza kuipima mbele yako. Jua la hapa Ikweta linachangia mtoto wa jicho na kile kinyama kinachoota kwenye weupe wa jicho, wavuvi na waendesha bodaboda wanalijua hilo kuliko mimi. Na ndugu zetu wenye ualbino wanahitaji vitu viwili kwa pamoja, rangi ya kupunguza mwanga na namba sahihi, maana wengi wana namba kubwa na silinda, ila wanaishia kupewa miwani nyeusi ya kawaida na kofia, namba hamna. Hilo linaniuma sana, kwa sababu mtoto huyo darasani angesaidika mno kwa kupimwa tu. Polaroidi ni kitu kingine tena, inakata mng'ao unaoruka kutoka kwenye maji na lami iliyolowa, nzuri sana baharini na barabarani, ingawa baadhi ya skrini utaziona nyeusi ukigeuza kichwa.

Blukati sasa. Unawashiwa kitochi cha mwanga wa zambarau, unamulikwa kwenye kikaratasi, lenzi ya kawaida inapitisha doa, ya blukati inalizuia, na unaambiwa umeona jinsi inavyokulinda na simu. Kile kitochi kwa kawaida ni cha karibu nanomita 405, na bluu inayotoka kwenye skrini yako kilele chake ni kama 450, kwa hiyo jaribio limeonyesha kwamba lenzi inazuia mwanga wa kitochi. Mwaka 2023 Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, walitoa mapitio ya majaribio 17, wakakuta kwamba kwa muda mfupi lenzi hizi pengine hazipunguzi uchovu wa macho wa kompyuta ukilinganisha na lenzi za kawaida. Macho yanachoka mbele ya skrini kwa sababu tunapepesa mara chache yakakauka, kwa sababu tunakaza karibu masaa mengi, na mara nyingi sana kwa sababu kuna silinda ndogo au ADD ambayo haijapimwa. Haikudhuru ukiivaa. Ila kama pesa inatosha kimoja kati ya blukati na antiglea nzuri, chukua antiglea, na kama inatosha kimoja kati ya antiglea na kupimwa upya na mtu makini, nenda ukapimwe.

Siku ya kuchukua miwani usiondoke haraka. Omba waiweke kwenye lenzometa, mashine ya kusoma namba ya lenzi, mbele yako walinganishe na karatasi yako, namba, aksisi na vitovu, ni kazi ya dakika mbili na duka lolote lenye fundi wa kweli lina hiyo mashine. Ivae, tazama bango la upande wa pili wa barabara kwa jicho moja moja, soma meseji kwenye simu, tembea mpaka mlangoni na kurudi. Karatasi ya vipimo ni yako, ipige picha uihifadhi pamoja na PD, na ile miwani ya zamani usiitupe, peleka nayo siku nyingine ukipimwa ili wajue macho yako yalizoea nini.